Nafasi Tatu Mbele ya Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini, Mzee Gichuhi aliniuliza nimekuja kulinda nini. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyepiga sare yake pasi mara mbili, "Magari, mzee." Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanionyesha mama mmoja aliyekuwa akitoka dukani, mtoto mgongoni, unga mkono huu na mafuta ya kupikia mkono huu, akipita nyuma ya gari dogo ambalo taa zake za kurudi nyuma zilikuwa zimeshawaka.

"Hiyo gari iko na bima," akasema. "Huyu mama, bima yake ni nani?"

Nikageuka huku na huku kumtafuta.

"Ni wewe! Kimbia!"

Nikakimbia, nikapiga buti la gari kwa kiganja, dereva akakanyaga breki, na yule mama akapita bila hata kugeuza shingo. Hakujua kuwa nimemfanyia kitu. Ninyi vijana mliovaa sare juzi, msingojee asante. Kazi yetu ikifanywa vizuri, hakuna kinachotokea, na mtu hawezi kushukuru kwa jambo ambalo halikutokea. Mtakachosikia zaidi ni matusi ya wenye haraka. Mimi nilitukanwa kwa Kikuyu, Kimeru, Kiswahili na Kiingereza, na siku moja kwa lugha ambayo mpaka leo sijui ni ya wapi, lakini mkono wa yule bwana ulinitafsiria vya kutosha.

Nilistaafu mwaka jana. Magoti yamechoka, na sauti yangu imebaki ya kukwaruza kama ya jogoo mzee. Juzi nilipita pale mjini Nyeri nikawaona wawili wenu getini, kila mmoja ameinamia simu yake, nyuma yao pikapu inarudi kinyumenyume kuelekea kundi la wanafunzi. Nilipiga ukelele mpaka mwenye duka la viatu akatoka nje. Ndipo nikaamua kuandika haya. Kuna mtu alipoteza mguu kwa sababu yangu, naye ndiye aliyenifundisha kazi yote ninayoijua. Nataka mumjue.

Supamaketi ile ni ya Bwana Jayanti, ambaye babu yake alianza na duka la vitambaa hapo mjini, na ambaye Kikuyu chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu. Sasa Nyeri mnaijua. Haina mahali tambarare pa kuweka hata sufuria. Uwanja wa kuegesha magari unateremka kutoka barabarani mpaka kwenye veranda ya duka, na gari lolote likiachiliwa, safari yake inaishia mlangoni. Palikuwa na nafasi tatu zilizotazama mlango moja kwa moja, na kila mteja alizitaka hizo hizo, hasa mvua ikinyesha.

Mzee Gichuhi alizifunga. Alichukua ndoo tatu kubwa za rangi, akazijaza zege, akasimamisha bomba katikati ya kila moja, akazipanga mbele ya zile nafasi. Miaka mitatu alikuwa akimwomba bosi wetu, Bwana Jayanti, nguzo za chuma zilizozikwa ardhini. Bosi alikuwa akimjibu vilevile kila mara, kwamba mteja anataka kuegesha karibu, na ukimweka mbali ataenda kwa jirani. Basi mzee akatengeneza zake.

Kabla ya kuwa soja wa getini alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha majani chai, kwa hiyo madereva aliwajua kama mama anavyowajua watoto walioiba sukari. Alimsalimia kila dereva dirishani. Nilidhani ni adabu tu. Siku moja akaniita kando.

"Muthoni, mimi nikisalimia mtu nakagua. Akijibu akiniangalia, huyo ametulia, aende popote. Akijibu akiangalia duka, huyo iko na haraka, mpeleke kule chini kwa ukuta. Kama hajibu kwa sababu anaongea na simu, mpeleke kwa ukuta na usimame karibu yake. Harufu ya pombe, mwambie paking imejaa."

"Hata kama haijajaa?"

"Kwake imejaa."

Halafu viatu. Hilo hamtalipata kwenye karatasi zenu za mafunzo. Huku kwetu mtu hutoka kukamua ng'ombe au kuchuma chai, akaruka kwenye pikapu, akaja mjini na gambuti zake miguuni. Gambuti ni pana, ina tope chini, na mguu uliomo ndani hausikii kitu. Unaweza kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja ukadhani umekanyaga moja. Mzee Gichuhi alikuwa akiinama kidogo dirishani kama mtu anayetafuta sarafu, akiona mpira mweusi anasema, "Karibu sana, mzazi, nafasi nzuri ni ile ya kule." Ya kule ilikuwa imetazama ukuta wa mawe. Mwenye gambuti alifurahi kupewa nafasi nzuri, na ukuta haukuwahi kulalamika.

Na ile njia nyeupe ya wapita kwa miguu mnayoiona pale mpaka leo, mjue ilichorwa na watu wenyewe. Aliyejenga uwanja ule alichora njia iliyonyooka pembeni, nzuri kabisa, na hakuna aliyeitumia, kwa sababu nani anazunguka na gunia la viazi kichwani? Msimu wa mvua mzee alinikataza kudeki asubuhi. Wiki nzima tukaacha matope mekundu yakauke sakafuni. Mwishoni tulipotazama, nyayo zilikuwa zimetengeneza barabara yake, kutoka geti dogo, kukata katikati, mpaka mlangoni. Mzee akachukua rangi iliyobaki dukani, akapaka mistari juu ya zile nyayo.

"Watu wamesema wanapita wapi," akaniambia. "Sasa sisi tuambie magari." Mhandisi gani angefikiria hivyo? Mimi nilimtazama amepiga magoti na brashi yake, nikasema moyoni kwamba hapa nimepata mwalimu.

Miaka ya baadaye bosi alinipeleka kwenye tawi la Kenol kwa mwezi mmoja, mahali ambapo malori ni mengi kuliko watu. Huko mtu mzima anapotea kabisa kati ya lori na lori. Nikakumbuka mafunzo ya mzee, nikawa napiga magoti na kutazama chini ya magari, kwa maana miguu ndiyo inayosema nani yuko upande wa pili. Dereva mmoja akanikuta nimelala chini ya lori lake akadhani naiba dizeli. Alinifukuza na spana mpaka kwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma, na muuza mahindi akanitetea kwa kijinga cha moto.

Nanyuki nayo ilikuwa na shida ya adabu kupita kiasi. Kule kuna wanajeshi wa kigeni wanaokuja kufanya mazoezi, na wakija kununua vitu wanasimamisha gari kwa kila mtu. Siku moja askari mmoja alisimama kumpisha nyanya mwenye kikapu. Nyanya, ambaye maisha yake yote hajawahi kupishwa na gari, akasimama naye, akampungia apite. Yule akampungia. Nyanya akampungia. Magari yakajipanga mpaka barabarani. Nikaingia katikati kama refa, nikamshika nyanya mkono nikamvusha, naye ananiuliza, "Huyo ni mgonjwa?"

Lakini nilisema nitawaeleza habari ya mguu, na naona naizungukazunguka.

Ilikuwa siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Duka limejaa wazazi, masanduku ya bati, magodoro, watoto wanaolilia viatu. Manyunyu yale ya Nyeri yalikuwa yameanza alfajiri, na waliomaliza kununua walisimama kwenye veranda wakingojea yapungue. Mzee Gichuhi alikuwa upande wa nyuma akielekeza lori la mizigo. Mbele nilikuwa peke yangu.

Pikapu ikaingia. Ndani alikuwemo Mzee Elijah, mzee wa kanisa letu kule Ruring'u. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na siku ya mazishi ni Mzee Elijah aliyesimama kando yangu akanishika kiwiko nisianguke. Nilimheshimu kama baba.

"Muthoni," akasema, "kiuno inaniuma na mvua ndiyo hii. Nachukua tu sanduku ya mjukuu, nitoke. Kwani hata mimi utanifungia?"

Miguuni alikuwa na gambuti, na tope lilikuwa bado bichi. Niliziona. Sitawadanganya kwamba sikuziona.

Ningemwambiaje mzee wa kanisa aende kule chini na mvua? Nani amelelewa hivyo? Nikainamisha ndoo ya katikati, nikaizungusha kwa ukingo wake mpaka kando, nikampa nafasi inayotazama mlango. Nikajiambia ni dakika tano. Tena nilimfungulia mlango wa gari na kumshika mkono, na nilijiona mtu mwema sana.

Aliporudi na sanduku, Mzee Gichuhi alikuwa amemaliza na lori. Nilimwona akitokea kwenye kona ya jengo. Aliiona ndoo iko kando, akaiona pikapu, akawaona watu verandani, akaanza kutembea haraka, halafu akaanza kukimbia. Mzee Elijah alikuwa ameshawasha injini. Akaachilia breki ya mkono, pikapu ikasogea mbele kidogo kwa sababu ya mteremko, naye akashtuka akatafuta breki ya mguu. Gambuti ikakanyaga mafuta.

Hapa nataka msikilize. Mtu wa kawaida angepiga kelele, "Angalieni!" Ukimwambia mtu angalia, anasimama kuangalia. Mzee Gichuhi alikuwa amenifundisha hilo mara mia: mwambie mtu pa kwenda. Sauti yake ilipasua uwanja wote. "Kushoto! Upande ya benki! Wote kushoto!" Na wote wakaenda kushoto, kuelekea benki ya jirani, wazazi, watoto, masanduku, kana kwamba wamefanya mazoezi. Mimi niliyefundishwa nilikuwa nimesimama na kinywa wazi.

Akabaki mmoja, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, aliyeganda kama nguzo. Mzee Gichuhi alimfikia, akamsukuma kwa mikono miwili, na pikapu ikapanda veranda ikambana mguu kwenye fremu ya mlango. Mama na mtoto waliangukia magodoro. Hawakuumia hata kucha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Siku ile niliyekaidi ni mimi, na guu lililovunjika likawa la mkuu mwenyewe. Hospitali waliukata mguu chini ya goti.

Bosi alienda kumwona na kumuuliza swali moja: ndoo ilitolewa na nani? Mzee Gichuhi, akiwa bado na dripu mkononi, akajibu, "Ni mimi."

Nilipoenda kumwona jioni hiyo niliinamisha uso kitandani pake nikashindwa kusema. Yeye ndiye aliyesema. "Nyamaza hivyo hivyo. Wewe ukifutwa, wale watoto wawili watakula nini? Mimi niko na kashamba na mama watoto ni mkulima. Usiende kuharibu."

Nikanyamaza. Siku tatu nilinyamaza, na niliona haya hata kujitazama kwenye vioo vya magari. Siku ya nne bosi alituita. Alisema kwa huzuni, kwa maana alimpenda yule mzee, kwamba Gichuhi akitoka hospitalini ataenda nyumbani kupumzika. Mtu aliyevunja sheria yake mwenyewe hawezi kurudishwa kusimamia sheria hiyo. Na ile habari ya nguzo za chuma iishe, kwa sababu sasa imeonekana kosa ni la mtu. Ndoo zikawekwa kando ya ukuta. Nafasi tatu zikafunguliwa.

Haikupita nusu saa gari likaegeshwa pale, pua yake imetazama mlango. Manyunyu yalikuwa yanaendelea. Kwenye veranda palikuwa na watu wanane, niliwahesabu, na mmoja wao alikuwa bibi kizee anayefungua kiroba cha njugu taratibu bila wasiwasi wa dunia hii. Nikaelewa kwamba uongo aliousema mzee kuniokoa mimi sasa umemnyang'anya kazi, na karibu utamuua bibi huyu. Miguu ikanipeleka ofisini kabla sijamaliza kuogopa.

"Bosi, ile ndoo si Mzee Gichuhi aliitoa. Ni mimi."

Akaweka kalamu chini. "Yeye amesema ni yeye."

"Amedanganya. Ni juu ya watoto wangu, na baba yao hayuko. Aliyekuja alikuwa mzee wa kanisa yetu. Nilishindwa kumkataza."

"Sasa umekuja nikufute?"

"Nimekuja usimfute yeye. Mimi nifute, sawa tu. Lakini zile nafasi, bosi, haki ya Mungu, zifunge saa hii."

Akasukuma kiti nyuma. Kisha akainuka, akatoka nje bila mwavuli, nikamfuata. Akaniambia nimwonyeshe jinsi nilivyoitoa. Nikaishika ndoo moja, nikaiinamisha, nikaizungusha. Bwana Jayanti ni mtu mwembamba, mkono wake unatosha kwenye glasi ya chai, lakini naye aliishika ndoo, akaiinamisha, ikaenda. Akasimama hapo na tope la ndoo kwenye vidole, anawatazama wale watu verandani.

"Miaka tatu aliniomba chuma," akasema. "Mimi nikamwachia ndoo."

Hakunifuta. Alinipa barua ya onyo, ambayo nimeihifadhi pamoja na cheti cha ndoa, na nilistahili mbaya zaidi ya hiyo. Kesho yake mafundi walikuja na majembe.

Nilikwenda hospitali Jumapili baada ya kanisa. Mzee Elijah alikuwa ametangulia, nikapishana naye mlangoni amevaa viatu vya ngozi, macho mekundu, wala hatukuweza kusalimiana vizuri. Mzee Gichuhi alikuwa ameegemea mto.

"Nimemwambia bosi," nikasema.

Akageuza uso ukutani. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Na watoto?"

"Bado niko kazi. Nimepewa barua tu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakoroma. Nikadhani mzee hatanisamehe, na nilikuwa tayari kukaa hapo mpaka wanifukuze.

"Wamefunga zile nafasi?" akauliza ukuta.

"Wamefunga. Na chuma."

Akageuka ghafla mpaka maumivu yakamkunja. "Wamechimba futi ngapi?"

"Tatu. Bomba nene, zege ndani mpaka juu."

"Si wameweka tu juu ya sakafu na misumari?"

"Tatu, mzee. Nilishuka kwa shimo nikapima na mwili wangu."

"Na nafasi katikati ya chuma na chuma? Wakibana sana, mama na mizigo atapita wapi? Atapita barabarani!"

"Toroli inapita. Mama na mtoto mgongoni anapita. Gari haipiti."

"Mlipima na nini?"

"Na kiti ya magurudumu. Bosi aliiomba hapa hapa kwa manesi. Akaikalia yeye mwenyewe, mimi nikamsukuma."

"Kiti ya magurudumu ya nini sasa?"

"Fundi pia aliuliza hivyo. Bosi akamwambia hakuna mtu anaenda nyumbani mpaka hii kiti ipite. Amesema hajui kama utarudi kazi na magongo ama na magurudumu, lakini ukirudi, unaingilia mlango ya mbele."

Mzee Gichuhi akavuta blanketi akajifunika mpaka kichwani. Nikaliona linatikisika. Mimi nami nikaangua kilio pale kwenye kiti cha wageni, kwa sauti, mpaka yule mgonjwa wa kitanda cha pili akazinduka na kuuliza kwa hofu ni nani amekufa.

"Hakuna," nikamwambia. "Hakuna mtu amekufa."